Mafiga ya Barabara ya Kivaa

Najua utacheka. Cheka tu, wengi wamecheka kabla yako, na mume wangu ndiye aliyeanza. Lakini haya sikusimuliwa na jirani wala sikuyaota. Nilikuwa macho, nilikuwa na mwiko mkononi, na nilipika mwenyewe.

Miaka ile ya tisini, kabla ya mvua ya El Nino, nilikuwa mpishi wa lori. Si lori la mchanga. Lilikuwa lori refu la wazungu, limefungwa viti nyuma na turubai juu. Walilitoa kwao Ulaya, wakavuka nalo jangwa la Sahara, wakasukumana nalo kwenye matope ya Zaire mpaka likafika Nairobi. Hapo ndipo tulipoajiriwa mimi na dereva Gitau tuwapeleke hadi Harare. Mimi ni mzaliwa wa Machakos mjini, mtoto wa Kiislamu. Babu alikuja kutoka pwani kuuza nguo akasahau kurudi, kwa hiyo Kikamba nimekua nacho. Gitau alikuwa mtu wa Murang'a, dereva hodari, ila mdomo wake haukuwa na breki.

Wale vijana niliwapenda, kusema kweli. Hebu fikiria mtu mzima analipa pesa nyingi ili alale chini kwenye hema, afue soksi kwenye karai na apangiwe zamu ya kuosha sufuria. Kwetu hiyo inaitwa shida, wao wanaiita likizo. Na walikuwa na mazoea yao. Kila tuliposimama, hata kama ni kwa haja ndogo, lazima mtu ashuke aokote kuni na mawe ya jiko, avitupe kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inia chini ya lori, maana huwezi kujua usiku mtalala wapi na kama mtapata kitu cha kuwashia. Hata mawe ya kuzuia magurudumu hawakuyaacha barabarani kama madereva wetu wanavyoyaacha. Walisema yatamuumiza mwingine. Tabia nzuri, sivyo? Basi tabia hiyo nzuri ndiyo iliyotutia mashakani.

Kati yao kulikuwa na msichana wa Uswidi, Karin, mdogo kuliko wote, aliyependa kukaa nami akimenya vitunguu huku analia na kucheka. Tulipolala upande wa Mlima Kenya alisema kichwa kinamuuma. Tulipopita Embu akaanza kutetemeka. Tulipovuka mto Tana alikuwa amewaka moto, ametapika dawa zote, na maneno yake hayashikani. Mimi nimezika ndugu kwa malaria ya aina hiyo. Nikamwambia Gitau asahau kambi, asahau picha za machweo, apite Kivaa na Masinga moja kwa moja mpaka Machakos, tumfikishe yule mtoto hospitali kabla ya giza.

Mbele kidogo ya Kivaa, kwenye mteremko, tukapata pancha.

Gitau na vijana wakashuka kubadilisha tairi. Mimi nilibaki juu nikimkanda Karin kwa kitambaa cha maji. Kutoka pale nilipokaa niliona boma lililohamwa: nyumba ya matofali ya udongo, ukuta mmoja umelala, paa halipo, lakini mlango wa rangi ya bluu bado umesimama kwenye fremu yake. Sikulitilia maanani. Maboma kama hayo yako mengi huko. Tairi likafungwa, vijana wakakusanya vitu vyao, tukaondoka.

Karin akafungua macho. "Mbona hatukuwapa chakula wale watoto?"

"Watoto gani, mama?"

"Waliokaa mlangoni."

Nikamwambia alale, ni homa.

Tulienda mwendo mzuri, vumbi nyuma yetu, na mimi nikaanza kuhesabu Masinga iko mbali kiasi gani. Kisha nikaona mlango wa bluu. Upande uleule, ukuta uleule umelala. Nikajiambia ni boma lingine linalofanana na lile. Karin akasema tena, "Wale pale." Tukaendelea. Tulipoufikia mlango ule mara nyingine, Gitau akasimamisha gari bila kuambiwa.

Alishuka, nikamfuata. Barabarani palikuwa na maganda ya machungwa. Yalikuwa maganda yake mwenyewe Gitau, aliyokuwa ameyatupa wakati wa pancha, maana wale wageni hawatupi kitu.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii barabara haina mahali pa kupotelea. Ukitoka Kivaa ni kwenda tu. Mimi nimepita hapa na malori ya mahindi tangu nikiwa turnboy wa kupakia magunia."

"Basi geuza, turudi Kivaa."

Akageuza. Wallahi, niamini, tulirudi tulikotoka, jua likiwa sasa upande wa pili wa uso wangu, na bado tukaufikia mlango wa bluu. Na kitu kingine: muda wote huo hatukukutana na mtu. Hakuna baiskeli, hakuna mbuzi, hakuna mama mwenye mtungi. Umewahi kupita Ukambani mchana usikutane hata na mbuzi? Nilihisi kama nimefungiwa chumbani na mtu anazunguka nje na ufunguo. Nikaogopa, na sioni haya kusema niliogopa.

Jua lilipokuwa linazama, Karin alianza kutupa mikono na miguu. Wenzake walimshika huku wanalia. Gitau aliomba kwa Kikikuyu, mimi nikasoma Ayatul Kursi, na lori likakohoa mara mbili likazimika. Lilizimikia wapi? Usiniulize, unajua.

Nilishuka nichemshe maji, kwa sababu mikono yangu haijui kufanya jingine nikiwa na hofu. Nilikuwa nimeinama kwenye jiko la gesi kando ya lori nilipomwona mwanamke amesimama karibu. Alivaa sweta ya bluu iliyokwisha viwiko, leso kiunoni, na mkononi alishika sufuria. Mtu wa kawaida kabisa. Nilifurahi, nikuambie kweli. Nilisema hatimaye tumepata wa kutuonyesha njia.

"Wakya," akanisalimu.

"Aa," nikaitika, kama mtoto anavyomwitikia mkubwa wake, ingawa tulikuwa rika moja.

Tulizungumza Kikamba, nitakuwekea kwa Kiswahili. Alisema, "Niko na sufuria, lakini sina pa kuiweka. Mafiga yangu mmeyachukua."

"Mafiga gani, dada?"

Alitazama chini ya lori.

Nilipiga magoti nikachungulia kwenye kile kikapu cha chuma. Juu ya kuni kulikuwa na mawe mawili meusi ya masizi, yamelainika kwa kupikiwa miaka mingi. Nikamwita Gitau. Alikuja, akaangalia pale nilipomwonyesha, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua kwamba hamwoni yule mwanamke.

"Tuliyatoa pale ndani ya nyumba," akasema, "kuzuia magurudumu. Halafu hao watu wako wakasema yasiachwe barabarani. Ni mawe tu, mama."

Si mawe tu. Kwa majirani zangu Wakamba, mafiga ya mama hayachezewi. Nyumba huanguka, watu huhama, vyombo hugawanywa, lakini mafiga hubaki pale yalipo, kwa maana mwenye kupika bado anahesabiwa ana nyumba. Hilo nililijua tangu nikiwa msichana. Gitau asingejua, na wale wageni wangelijulia wapi?

Nikayabeba, moja kila kwapa, nikamfuata mwanamke yule mpaka nyuma ya mlango wa bluu. Figa la tatu lilikuwa limebaki peke yake katikati ya majivu. Nilipotaka kuyaweka yale mengine, akanizuia.

"Yamepoa. Hayarudi hivyo. Yapikie."

Unaweza kuuliza kwa nini sikukimbia. Nikimbilie wapi? Barabara yenyewe ilikuwa imenirudisha pale tangu mchana. Nikashuka nikachukua kuni, maji na unga wa ugali wa lori lote, na maharagwe niliyokuwa nimechemsha tangu asubuhi. Nikawasha moto, nikateleka sufuria yake juu ya mafiga yake. Ilikuwa nyepesi mno, imetoboka sehemu, lakini maji hayakuvuja.

Nikisonga ugali, alinieleza. Ilikuwa ile njaa ya themanini na nne, ambapo watu wa Ukambani walikufa na pesa mkononi, kwa kuwa pesa ilikuwepo na unga haukuwepo. Mume alikuwa ameenda mbali kutafuta. Siku moja likapita lori la chakula cha msaada. Alikimbia barabarani akalisimamisha.

"Dereva akasema kimeisha. Akasema, mama, ngoja hapo hapo na watoto, lori litarudi." Akasogeza ukuni motoni. "Nimengoja hapo hapo."

Nikaelewa basi kwa nini tulikuwa tunarudi. Aliahidiwa lori litarudi, na sasa lilikuwa limekuja lori likamchukulia hata mafiga.

Akaanza kuwaita watoto wake. Mwikali. Mumo. Katunge. Wakati huo giza lilikuwa limeanza kuingia, na sura zao sikuziona. Niliona mikono tu ikiingia kwenye mwanga wa moto na sahani za bati. Mikono midogo, vijiti vitupu. Nikapakua. Sahani zikaondoka, zikarudi tupu. Nikapakua tena. Nilipika sufuria baada ya sufuria, jasho linanitoka, na kila nilipojaribu kuinuka magoti yalikataa. Kutoka barabarani nilisikia wenzake Karin wakimwita jina, asilale, asilale.

Unga ukaisha. Nikakung'uta mfuko.

"Wewe unajua kupika," mwanamke akasema kwa upole. "Kaa nasi."

Maneno hayo yalinikata maini kuliko yote. Hakuwa na ubaya wowote, ndilo jambo linaloniumiza mpaka leo. Alikuwa mama aliyepata msaidizi. Nikalia.

"Dada," nikamwambia, "pale kwenye lori kuna mtoto wa mwenzetu. Anakufa. Mamake yuko ng'ambo ya bahari, hajui. Niache nimpeleke hospitali, nitarudi nipike."

"Kila lori linasema litarudi."

"Mimi si lori. Mimi ni mpishi."

Kisha akatazama kule barabarani walikokuwa wakiita jina, na nadhani alizijua zile sauti, alishawahi kuita hivyo. Akasema, "Mpeleke." Magoti yangu yakaniinua.

Nilipofika mlangoni nikageuka. Wawili walikuwa wameshusha mikono. Lakini kule chini, karibu kabisa na moto, mkono mdogo kuliko yote ulikuwa bado umeshika sahani, umeinyoosha kwangu. Na mimi sikuwa na kitu.

Lori liliwaka kwa mshindo mmoja. Tulipita Masinga, tukapita Matuu, watu na baiskeli wamejaa barabarani kama desturi, na Gitau hakusema neno mpaka Machakos, naye unajua mdomo wake. Daktari wa zamu alisema tungechelewa kidogo zaidi tungeleta maiti.

Karin alipata fahamu baada ya siku kadhaa. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Hakuuliza yuko wapi. Aliuliza, "Wale watoto walishiba?"

Nikamjibu ndiyo, walishiba.

Sikufika Harare. Nilimwachia mwingine jiko, Gitau naye akaenda zake kuendesha malori ya kahawa huko kwao, na njia ya Kivaa hajaikanyaga tena. Mimi kila mwaka, kiangazi kikianza, hufunga unga, maharagwe na kuni zangu mwenyewe, nikateremka pale kwenye mlango wa bluu. Mlango siku hizi umeoza, umebaki ubao mmoja. Hupika hadi jioni. Simwoni mtu. Lakini nikipakua na kugeuza uso, sahani huzikuta ziko tupu, na sijawahi kubeba unga wa kutosha, hata mwaka ule nilipokodi mkokoteni. Siku zote inabaki sahani moja inayongoja.

Mume wangu aliyecheka sasa ndiye anayenifungia mizigo. Magoti yangu yameharibika, na binti yangu ameanza kuniuliza ni wapi hasa, na figa gani linakaa upande gani. Namwonyesha, huku roho inaniuma.

Basi wewe unayesafiri na lori, na hema, na marafiki kutoka pande zote za dunia, ukipata pancha katika nchi usiyoijua, tafuta jiwe la barabarani. Likiwa na masizi, liache lilipo, hata kama gari litateremka bondeni. Na kama mama mwenye njaa atakusimamisha njiani, na wewe huna kitu, mwambie huna. Usimwambie utarudi.