Usimzibie Kiboko Njia

Nakumbuka asubuhi moja kule Suguti, mwanangu, jua likiwa limeshachomoza, nilipomrushia kiboko bonge la udongo kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto mgongoni, na kichwa kigumu. Leo nina wajukuu, na bado naisimulia.

Niliolewa pale nikitokea Butiama. Kwetu ni watu wa ng'ombe. Nilichunga tangu mdogo, nikashika dume kwa pembe, nikafukuza fisi zizini kwa kijinga cha moto. Basi nilipofika ziwani nikadhani mnyama ni mnyama tu, ukimwonyesha huogopi ataondoka. Ujana una ugonjwa huo: ukijua kimoja unajiona umejua kumi.

Mama mkwe wangu, Mama Magesa, alikuwa mwanamke mwembamba, msemaji sana. Kila jioni maneno yalikuwa yale yale. Bustanini usiende mapema, subiri jua lipande. Ukienda, imba, au piga debe, usikike. Na lile pengo kwenye matete usilisogelee, kiboko anapitaga pale akirudi majini. Mimi naitikia, "Ndiyo, mama," huku moyoni nasema mwanamke huyu anataka kunitawala mpaka hatua za miguu. Hatukuwa tunapendana, sikufichi. Mume wangu alikuwa akienda Musoma mjini kutafuta kazi, tukabaki wawili tunatazamana.

Asubuhi hiyo nyanya zilikuwa zimeiva. Mama mkwe akaniambia nimngoje amalize kukamua, twende pamoja. Sikumngoja. Nikambeba binti yangu Nyamisi, nikachukua kapu, nikashuka kwa njia ya mkato ya ufukweni. Na njia hiyo, mwanangu, inaingia bustanini kupitia lile pengo la matete.

Nikamkuta kiboko katikati ya matembele, anatafuna bila haraka, mgongo unang'aa. Wala sikuiona hatari. Niliona jasho langu linaliwa. Nikaweka kapu chini, nikapiga kelele, nikaokota bonge, nikamtupia. Likampata begani. Akageuka, akaachama mdomo mpaka nikayaona meno yote, marefu kama mipini ya majembe. Nikadhani anapiga miayo. Usishangae, mwanangu, nilicheka. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nilikuwa nakiita kilio kwa mikono yangu.

"Mama Nyamisi."

Sauti ilitoka kwenye kichuguu kikubwa, upande wangu wa kulia. Mama mkwe alikuwa amenifuata. Alisema polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Usikimbie. Usimtupie kitu kingine. Umesimama mlangoni kwake, ziwa liko nyuma yako. Njoo huku kwangu, polepole, usimpe mgongo."

"Mama, nyanya zetu..."

"Acha nyanya. Njoo."

Nikapiga hatua moja, halafu nyingine. Nyamisi akaanza kulia. Kiboko akakoroma, na sauti ile niliisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Miguu ikataka kukimbia, mama mkwe akaizuia kwa maneno: "Hivyo hivyo. Bado kidogo. Hivyo hivyo." Nilipofika nyuma ya kichuguu, yule mnyama akaja. Sijaona kitu kizito namna ile kikienda kasi namna ile. Ardhi ilitetemeka. Akapita palepale nilipokuwa nimesimama, kapu likawa vipande chini ya miguu yake, kisha tukasikia maji yakipasuka. Halafu kimya.

Mama Magesa akamshusha mtoto mgongoni mwangu, akamkagua kichwa mpaka unyayo. Ndipo akaketi chini. Nikasubiri matusi. Yalikuwa haki yangu.

Akasema, "Kabla ya kumzaa Magesa, mume wako, nilikuwaga na binti. Alifuata maji kwenye pengo lile lile. Nilimwona anateremka, nikajua bado ni mapema, lakini nilikuwa nimechoka, sikumwambia kitu. Unaniona nasema sana, Mama Nyamisi. Siwezi tena kunyamaza."

Nilipiga magoti pale pale kwenye udongo, nikamshika mikono. Tangu siku hiyo sikuwa na mama mkwe, nilikuwa na mama. Tuliishi pamoja mpaka nilipomzika, na sijui kama nimewahi kumshukuru vya kutosha. Nyamisi ni mwalimu sasa, huko Bunda, na ana watoto wake. Kila nikiwaona wakila chakula mezani kwake, namshukuru Mungu, kisha namshukuru yule mama aliyechagua kusema.

Juzi Nyamisi aliniambia tembo wametoka tena hifadhini, wameingia kwenye pamba za watu, na vijana wanawakimbilia na simu wapate picha. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa. Mwanangu, ukimwona mnyama mkali, jiulize kwanza anataka kwenda wapi, kisha mwachie njia. Kiboko usimtenge na maji. Tembo usimkaribie, hasa mwenye mtoto. Rudi ulikotoka mapema, kabla hajakuona, ukawaite viongozi wa kijiji na askari wa wanyamapori. Mawe na kelele za mtu mmoja humpandisha hasira tu. Na maji ya ziwa usiyainamie mahali pamoja kila siku. Mamba ana subira kukushinda wewe. Usiende peke yako. Shamba likiliwa utalima tena, ingawa najua linauma. Na anayekuonya kila siku mpaka unachoka, muulize siku moja kwa upole ameona nini. Huenda amebeba kaburi moyoni.

Mungu akutangulie shambani na ziwani, mwanangu. Akurudishe nyumbani na viungo vyako vyote, ule ulichopanda, uzeeke taratibu, na upate nawe wa kumwonya, akusikie.