Kisu cha Mkono Mmoja

Baba yangu alikuwa anamenya chungwa kwa ganda moja. Anaanzia pale juu kwenye kikonyo, anazungusha, na ganda linashuka bila kukatika, jembamba kama utepe, mpaka linagusa kiatu chake. Mimi nikisimulia huwa nasema ganda lile lilitoka nyumbani kwetu, nje kidogo ya Ahero, likafika Awasi na kurudi. Mama hunikatiza hapo. Anasema nipunguze chumvi, lilifika Awasi tu.

Kisu chenyewe kilikuwa kidogo, cha kukunja, mpini wa pembe uliolainika kama kipande cha sabuni kilichobaki kwenye sinki. Alikuwa nacho tangu enzi zake za kufungua na kufunga mifereji ya maji kwenye mashamba ya mpunga. Kilikata kamba za magunia, kilichonga vigingi, kilitoa miiba kwenye nyayo za watu na kwato za ng'ombe. Na nilipoamua, mtu mzima na ndevu zangu, kurudi shule ya jioni mjini Kisumu nimalize kidato cha nne, kisu hicho ndicho kilichonichongea penseli. Nikienda nyumbani wikendi baba ananiambia, "Lete hizo silaha." Anazichonga zote. Ncha zilikuwa kali hivi kwamba naamini mpaka leo aliyesahihisha hesabu zangu alinipa alama kwa kuogopa kudungwa.

Lakini kazi kubwa ya kisu kile ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa akija rafiki yake, mzee waliyefanya naye kazi kwenye mifereji, wakaketi kwenye viti viwili nje ya mlango, baba akamenya. Kipande cha kwanza anampa mgeni. Cha pili anampa mama. Cha tatu changu, kama nipo. Yeye hula cha mwisho. Sikumbuki mtu aliyeondoka kwetu bila kupokea kitu kutoka mkononi mwa baba.

Halafu kiharusi kikaja, kikauchukua mkono wenyewe, wa kulia.

Mguu ulirudi polepole. Maneno nayo yalirudi, matusi yakitangulia. Mkono haukurudi. Ukabaki umelala juu ya paja lake kama mgeni aliyechoka na safari. Akajifunza kushika kijiko na kushoto, lakini kisu kilimkatalia. Kilitaka mikono miwili, mmoja ushike mpini, ukucha wa mwingine uvute. Siku moja mama akamkuta anakifungua kwa meno. Mdomo ulikuwa umechanika, damu imetiririka kwenye shati jeupe la kanisa. Mama hakupiga kelele, na mama yangu asipopiga kelele ujue mambo yameharibika kweli. Alikichukua kile kisu, akaingia nacho ndani, na hakuna aliyekiona tena.

Jumapili iliyofuata rafiki yake alipokuja, aliambiwa mzee amelala. Ile nyingine pia, amelala. Baba alilala Jumapili nyingi kuliko mtoto mchanga. Nikimletea machungwa yanakaa kwenye beseni mpaka yanakunjamana. Mama akimmenyea, anageuza uso ukutani. "Mimi si mtu wa kulishwa," anasema.

Siku moja mama alipokwenda kusagisha mahindi, baba akaniita karibu.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "wewe umesoma."

Kila akitaka jambo gumu huanzia hapo.

"Nimesoma kidogo, Baba."

"Nitafutie kisu cha mkono mmoja. Mama yako asijue kwanza."

"Na akijua?"

"Basi tutazikwa pamoja. Nunua kabla hajajua."

Mimi nafanya kazi ya vifurushi kwenye stendi ya mabasi mjini. Kutwa nakata kamba na kufungua makatoni, kwa hiyo nilijiona profesa wa visu. Nikaenda soko la Kibuye na kifua mbele. Palikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa upande wa Murang'a, ametandaza turubai na kupanga kufuli, tochi na visu vya kukunja. Nikamwomba kipande cha kamba, nikaufunga mkono wangu wa kulia kwenye mshipi wa suruali.

"Kastoma, sasa hiyo ni nini?"

"Najaribu."

"Unajaribu kisu ama unanijaribu mimi?"

Watu wakaanza kusimama. Kisu cha kwanza kilikuwa cha kubonyeza. Nilibonyeza, kikaruka kutoka mkononi kama samaki ngege aliyetolewa ziwani sasa hivi, kikatua katikati ya tochi. Hicho hapana, mama yangu angenizika nacho. Cha pili kilikuwa kizuri, kina kinundu kwenye ubapa cha kusukumia kwa kidole gumba. Nikakishika na kushoto, gumba likapapasa, likapapasa, likakuta chuma kitupu. Kinundu kilikuwa upande mmoja tu, upande wa gumba la mtu wa kulia. Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba hata kisu kinachagua mkono.

Cha tatu kilikuwa na tundu la mviringo lililotoboka pande zote mbili. Gumba lolote linaingia. Unasukuma, kinafunguka, tak, na komeo lake liko mgongoni mwa mpini. Kukifunga unabonyeza mgongo, unaegemeza ubapa kwenye paja, kinajikunja taratibu bila kugusa vidole. Chembamba, cheusi, chepesi. Nilikifungua na kukifunga mpaka mtu mmoja nyuma akapiga makofi, nami nikatoa maelezo kidogo kwa umma kuhusu tundu na komeo.

"Lipa basi," akasema yule mama. "Nyinyi watu wa huku hamnunui kitu bila hotuba."

"Na nyinyi hamwachi mtu amalize hotuba."

"Ukimaliza, soko itakuwa imefungwa."

Sikukipeleka nyumbani siku hiyo. Nilitaka kuwa na hakika. Kwa hiyo wiki nzima, kila asubuhi nikifika kazini, nilikuwa naufunga mkono wa kulia na kufanya kila kitu na kushoto. Kisu kilifaulu. Mimi ndiye niliyefeli. Kifungo kimoja cha shati kilinichukua muda wa kujenga nyumba. Chai, nusu nilikunywa mimi, nusu ilinywa shati. Nilicheka sana siku ya kwanza. Siku ya tatu sikuwa nacheka. Nilikuwa namwona baba kila nikishika kitu.

Siku ya nne akaja bibi mmoja kuchukua kifurushi chake kilichotoka Sondu. Nikamnyooshea. Aliuangalia mkono wangu, akauangalia uso wangu.

"Kijana, nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea, Mama."

"Sasa mbona unanipea kitu na kushoto kama unatupia mbwa?"

Nikamwonyesha mkono uliofungwa. Akadhani umevunjika, akanipa pole ya kweli, ya kutoka moyoni. Kisha akasema, "Lakini weka tu kwa meza. Nitaokota mwenyewe."

Nikaweka mezani. Akaokota, akanibariki, akaenda zake. Hakuwa mtu mbaya. Alilelewa kama mimi, kama baba, kama sisi sote: kitu cha heshima hakitolewi na kushoto. Nilibaki nimesimama pale, watu wanangoja mizigo, nami nimeelewa kwa nini baba analala Jumapili. Kumenya ni nusu tu. Hata akipata kisu, ampe rafiki yake chungwa na mkono gani? Kisu niliweza kununua. Mkono wa kulia hauuzwi Kibuye.

Nilimpelekea vilevile. Mama alikuwa bustanini. Baba akaingiza gumba kwenye tundu, akasukuma, kikafunguka mara ya kwanza. Upande mmoja wa uso wake ukatabasamu, na upande ule uliolala nao ukajaribu. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini akakiweka juu ya paja, akalaza vidole viwili kwenye ubapa, akapima.

"Kimekonda," akasema.

"Baba, ni chembamba ili kiwe chepesi."

"Nitafutie kilichoshiba. Chenye tumbo kama samaki."

"Tumbo la nini? Kisu ni makali!"

"Wewe si umesoma? Tafuta."

Nikarudi mjini nimenuna. Wiki nzima ya kumwaga chai, halafu mzee anataka tumbo la samaki! Lakini Jumapili nilikuwa Kibuye tena.

"Leo umekuja na mikono yote miwili?" akauliza yule mama.

Nikamwelezea. Akazamisha mkono kwenye gunia, akatoa kisu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuona. Kifupi, kizito, mpini wa mti, na ubapa wake mpana kama jani la sukuma wiki. Tundu lilikuwepo. Komeo la mgongoni lilikuwepo. Ila kilikuwa kigumu kufunguka kama mlango wa ofisi siku ya Ijumaa alasiri.

Hapo ndipo nilipojifunza visu kweli. Kile kigumu nilikaa nacho kazini siku nyingi. Nililegeza skrubu ya kwenye kiungo kidogo tu, nikadondoshea tone la mafuta ya cherehani, nikakifungua na kukifunga mara elfu tano. Ukilegeza kupita kiasi ubapa unacheza, na kisu kinachocheza kitamkata mtu. Ukikaza, gumba la mzee halitaweza. Kati ya hapo kuna mahali padogo kama punje ya mchele, na nilipatafuta mpaka nikapapata. Kukibeba kulikuwa na gharama yake: suruali ilishuka upande mmoja, nikawa natembea kama mashua iliyopakiwa vibaya. Nikakinoa, nikakijaribu kwa kamba ya katani, kwa katoni, kwa nyanya iliyoiva sana, kisha kwa vinyweleo vya mkono wangu. Mkono mpaka leo una kiraka.

Nilipokipeleka, mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele. Hapakuwa na njia ya kumficha.

"Hiyo umeleta ni nini?"

Baba akakishika, gumba likaingia, tak. Akakifunga kwenye paja. Akakifungua tena. Mama akaweka chini ungo, akakitwaa, akausukuma ubapa kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote, aone kama kitajikunja kwenye vidole vya mtu. Komeo halikusogea. Akajaribu tena. Kisha akakirudisha kwenye kiganja cha baba.

"Akijikata, nyinyi wawili mtalala na ng'ombe."

Hiyo ndiyo ruhusa ya kwetu.

"Mwite," baba akaniambia. Hakusema nani.

Rafiki yake alifika haraka hivi kwamba nadhani alikuwa amejificha nyuma ya ua tangu kiharusi kianze. Akaketi kwenye kiti chake cha zamani. "Omera, ndugu yangu, umeamka?" akauliza.

"Nimeamka. Kulala kumeniumiza mgongo."

Baba akaomba kikombe cha bati. Akakibana katikati ya magoti, akatuliza chungwa kwenye mdomo wa kikombe, likakaa imara kama yai kwenye kiota. Ni dhahiri hilo alikuwa amelipanga miezi mingi, huko ukutani alikokuwa anageuzia uso. Hakumenya kwa ganda moja. Alikata vipande, na ganda lake, na mkono wa kushoto haukukosea.

Kipande cha kwanza kilipotoka, mkono ukasimama. Niliuona ule mkono wa kushoto, nikamwona mgeni, nikakumbuka yule bibi wa kifurushi na meza yangu.

Baba akaingiza kisu chini ya kipande, akakiinua. Chungwa likakaa juu ya ubapa mpana kama liko kwenye sahani. Akageuza makali yaelekee kwake, mgongo wa kisu uelekee kwa mgeni, akakinyoosha mbele.

"Chukua," akasema. "Mimi sijakupa na kushoto. Kisu ndicho kimekupa."

Mzee yule alikitazama kipande, maji ya chungwa yakidondoka kwenye vumbi. Akakichukua kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtu anayepokea sakramenti.

"Kisu chako kina adabu kukushinda," akasema.

"Kimesoma," baba akajibu. "Kimetoka Kisumu."

Wakacheka mpaka mguu wa kiti ukalia. Kipande cha pili kikaja kwa mama. Alipangusa mikono kwenye leso, akakiokota kwenye ubapa, akala ameangalia upande wa mashamba ili tusione macho yake. Cha tatu kikaja kwangu. Kilikuwa na ladha kidogo ya mafuta ya cherehani, nami nasema halijawahi kuota chungwa tamu kama lile kutoka hapa mpaka Uganda.

Mama akaingia ndani. Akatoka na debe la unga, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa kile kisu cha zamani, cheupe pe. Miezi yote ile tulikuwa tunakula ugali uliolalia kisu. Akakipuliza, akaniwekea mkononi.

"Hiki ni cha mikono miwili," akasema. "Wewe bado unayo."

Nilivuta kwa ukucha. Unga ukatoka kwenye kiungo kama moshi. Baba akanirushia chungwa, nikalidaka, nikaanzia kwenye kikonyo na kuzungusha, wazee wawili wakiinama kunitazama kama watahini. Ganda langu lilikatika kabla hata ya kufika gotini.

"Na huyu ndiye amesoma," mgeni akasema.

"Rudia," akasema baba, akiniokotea lingine kutoka kwenye beseni, na kuniletea juu ya kisu.