Pampu Nyepesi ya Mama Shalom

Mama Shalom alikuwa na ugonjwa wa wafanyabiashara wa jumla: hakuamini kitu chepesi. Sabuni aliipima kiganjani kabla ya kuinusa. Kufuli alilirusharusha hewani kwanza, ndipo aulize bei. Hata mchumba wa binti yake Shalom, alipoletwa nyumbani kujulishwa, alipewa mkono na ule mkono ukapimwa kimyakimya kabla mtu hajaambiwa karibu. Jina la ubatizo la Mama Shalom ni Émerance. Yeye na mumewe Constantin walishuka Lubumbashi kutoka Butembo miaka ishirini na miwili iliyopita na magunia manne ya maharagwe, na sasa wana ghala karibu na soko na nyumba ya matofali njia ya Kasapa. Ukimuuliza, yote hayo yaliletwa na mkono wake wa kuume, ambao haujawahi kudanganywa.

Constantin naye alikuwa na ugonjwa wake, na ulikaa sebuleni. Lilikuwa tangi la kioo la lita mia nne za maji ya chumvi, alilolinunua kwa mhandisi mgeni wa migodi aliyekuwa akifunga virago. Ndani mlikuwa na matumbawe, yale mawe yaliyo hai yanayofungua na kufunga vidole vyake, samaki wawili wa rangi ya chungwa aliowaita Bwana Arusi na Bibi Arusi, na kamba mmoja mwekundu, mdudu wa majini mwenye masharubu marefu. Huyo alimpa jina la Douanier, yaani afisa wa forodha, kwa sababu alijificha chini ya jiwe na hakuna kilichopita mbele yake bila kumegwa. Mama Shalom alishangaa mpaka akachoka. Samaki wasioliwa, katika maji ambayo hata chumvi yake inanunuliwa kwa ndoo kutoka nje! Hakuwahi kuwaita majina yao. Aliwaita "bile bidudu byako."

Tangi lilizungushiwa maji na pampu ya yule mhandisi, zee la mashine lililonguruma mchana na usiku. Constantin akiwa safarini alipiga simu, na kabla hata ya salamu alisema, "Nisikilishe pompe." Mkewe aliweka simu kwenye kioo. Akishasikia ngurumo ndipo aseme, "Bon. Na wewe, uko muzima?" Miaka sita huyu mama alisalimiwa baada ya mashine, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kukiri.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 Constantin alipanda ndege kwenda Goma kununua maharagwe. Mwisho wa mwezi mji ukaanguka mikononi mwa waasi. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, na simu zikawa pata potea. Mkewe alimpata mara moja tu, sauti yake ikiwa kavu.

"Depot ya huku balivunja, Mama Shalom. Balibeba maharagi yote, ata balance ya kupimia."

"Wacha bibebwe. Wewe uko muzima?"

"Niko. Pompe inazunguka?"

"Inazunguka."

"Usiache isimame. Usiache bale bafwe, unasikia? Mi sina tena kitu…"

Laini ikakatika hapo.

Tangu siku ile Mama Shalom hakutulia. Ghalani aliandika risiti na kuzichana. Wateja waliuliza maharagwe ya Kivu yatafika lini, akawajibu kwa ukali kana kwamba wao ndio waliofunga barabara. Na Lubumbashi nayo haikumhurumia: umeme ulikuwa unakuja kwa saa mbili tu kila siku, siku nyingine hauji kabisa. Nyumbani kulikuwa na betri moja tu, ya lori, na betri hiyo ililisha vitu viwili, pampu ya tangi na simu yake. Pampu ile kubwa ilikula bila haya. Alasiri moja betri ikaisha, pampu ikanyamaza, simu ikazimika. Umeme uliporudi jioni akakuta simu tatu zisizopokelewa, zote za namba asiyoijua. Alipiga. Haipatikani. Alipiga tena mpaka kidole kikauma, kisha akaketi sakafuni na kulia kwa hasira, maana alijua ni nani na alijua kilichomnyima sauti yake.

Kuizima pampu hakuweza, aliahidi. Kukosa simu hakuweza pia. Ilibidi ipatikane pampu inayokula kidogo.

Asubuhi alienda madukani akiwa na mkono wake wa kuume. Muuzaji aliweka pampu tano mezani, naye akazinyanyua moja moja. Nne alizirudisha kwa dharau. Ya tano ilikuwa ya chuma, nzito kama mtoto wa miaka miwili. "Hii ndiyo pompe," alisema, akalipa, akaondoka nayo kifua mbele.

Ilipowashwa, mchanga wa tangini ulipaa mpaka juu, Bwana Arusi akabandikwa kwenye kioo asiweze kugeuka, na betri ikaisha kabla ya ugali wa mchana. Rahisi ni ghali, husemwa. Leo ghali nayo ilikuwa ghali.

Jirani ndiye aliyemwambia amtafute papa Kalaba wa Kasungami. Mzee huyo, mwenyeji wa nchi hii tangu babu wa babu yake, alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye pampu za kutoa maji chini ya mgodi, na sasa alikuwa analima mboga na kutengeneza visima vya watu. Alifika na baiskeli, akaitazama pampu ya chuma, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, hii iko pompe ya puits, ya kisima. Inanyanyua mayi metre makumi tano. Hapa mayi inaenda wapi?"

"Haiendi fasi yoyote. Inazunguka tu, inarudia."

"Njo ile minasema! Ku mugodi tulikuwa tunatosha mayi chini kabisa, tunaenda kuitupa mbali. Kule unahitaji nguvu. Hapa mayi iko natembea mu nyumba yake mwenyewe. Juu ya nini unalipa nguvu ya kupanda mulima, na mulima hakuna? Tena chumvi itakula hii chuma, samaki itakunywa kutu."

Walirudi dukani pamoja. Mzee aliomba ndoo ya maji na betri, akaziendesha pampu ndogo tatu kwa zamu, kila moja nusu saa, huku muuzaji akinung'unika. Kila ikimaliza zamu yake aliitoa na kuishika kiganjani.

"Shika na wewe. Hii iko moto, shi unasikia? Iko naiba courant, umeme yako, inapika nayo mayi. Hii pia. Sasa shika hii."

Ya tatu ilikuwa baridi. Kibao chake kilisema lita elfu tatu kwa saa, wati kumi na tano. Ile ya mhandisi, mzee alikuwa ameisoma, ilikula themanini na tano. Mama Shalom akaipima mkononi. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa.

"Hii, papa? Hii iko jouet ya batoto, ya kuchezea!"

"Mama, pompe haiuzwe ku kilo. Haiko maharagi."

Alinunua huku moyo ukikataa. Njia nzima alijiona ametupa fedha barabarani.

Pampu ilifanya kazi. Siku ya kwanza betri haikuisha. Ya pili haikuisha. Simu ilibaki imejaa, matumbawe yakafungua vidole. Tatizo jipya lilikuwa kimya. Nyumba ile haikuwahi kuwa kimya miaka sita, na sasa Mama Shalom alisikia saa ya ukutani, alisikia viatu vya watu barabarani, alisikia vizuri sana kwamba mumewe hayupo. Hakuamini kama mashine isiyosikika inafanya kazi. Kila baada ya muda mfupi aliinuka, akakunja mkono wa nguo, akatia kiganja majini mpaka maji yamsukume. Akarudi kuketi. Akainuka tena.

Na mtu anayeinuka mara ishirini kutazama tangi, mwishowe huona kilichomo. Aligundua kwamba Bibi Arusi ndiye mkubwa na ndiye mwenye amri, jambo lililompendeza. Siku ya tisa alimkuta Douanier amelala juu ya mchanga, mwekundu, mwepesi, mtupu. Hakutikisika. Mama Shalom alimtoa kwa kijiko. Alilia, mwanamke yule ambaye alimwona mwizi akiondoka na gunia la sukari asipepese jicho, akamzika kwenye kopo la maua mlangoni. Aliona ni ishara, na ni ishara mbaya, na hakuthubutu kumwambia mtu.

Kesho yake asubuhi masharubu mawili yakatokea chini ya jiwe. Douanier akatoka mzima, mpya, akamnyang'anya Bwana Arusi chakula. Alikuwa amevua tu ganda lake. Mama Shalom akajiita mjinga kwa sauti, peke yake sebuleni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mji uanguke.

Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, simu ikaita.

"Nisikilishe pompe," alisema Constantin.

Aliweka simu kwenye kioo kwa mazoea, kabla hajakumbuka. Kioo hakikunguruma, akairudisha sikioni upesi.

"Bamekufwa," alisema Constantin.

"Hapana! Nilibadirisha pompe. Hii haipige makelele."

"Émerance, usinihurumie. Pompe gani haisikike?" Alivuta pumzi. "Haina mambo. Mi minabakia huku kwa dada. Nirudie na nini? Mkono mtupu haulambwi."

Roho ya Mama Shalom ikaruka. Alimjua mumewe: huyu alikuwa amekwisha kuketi chini, na mtu wa Butembo akiketi chini kumwinua ni kazi.

"Nani alikuambia minalambaka mikono?" alifoka. "Sikiliza hapa. Bibi Arusi ameng'ata Bwana Arusi ku mukia jana, na alikuwa na haki. Ile corail, ile jiwe yako ya rangi ya majani, imezaa ingine kidogo pembeni. Na Douanier… Constantin, nilimuzika Douanier."

"Unasema nini?"

"Nilimuzika! Mu kopo ya maua. Nililia kabisa. Kesho yake anatoka chini ya jiwe ananiangalia. Kumbe nilizika nguo yake!"

Kitu kikapasuka kule Goma, na sekunde nzima alidhani ni mabaya. Kilikuwa kicheko. Constantin alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikageuka kilio, wala hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

"Umemuita Douanier," alisema baadaye.

"Sasa nimuite nani? Shi njo jina yake. Kuja."

Alikuja. Alivuka mpaka hadi Gisenyi kwa miguu, akaomba nafasi kwenye malori ya watu, Rwanda, Tanzania, Zambia, akaingia mpakani Kasumbalesa siku ya kumi na tisa ya safari, na jioni akasimama mlangoni na mfuko mmoja wa plastiki. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akaweka sikio. Hakusikia kitu. Akainama, akaona masharubu mawili chini ya jiwe.

Ndipo Mama Shalom akamkumbatia kutoka nyuma, na mikono yake, kwa ile tabia isiyotibika, ikampima. Alikuwa mwepesi mno, mbavu zahesabika, mzigo ambao dukani angeurudisha mezani bila kuuliza bei. Alimshika vilevile, wala hakumwachia.