Jumamosi Barafuni, Jumapili Kitabuni

Nimerudi Singida na heshima yangu kamili. Nina nyumba ya vyumba vitano niliyoichora mwenyewe kabla fundi hajaishika, nina diploma ya ustawi wa jamii imetundikwa sebuleni, na nyuma yangu kuna miaka kumi na moja ya kazi Sydney ambayo sikutafutiwa na mjomba wala shangazi. Chuo nilijisomesha kwa kuuza karanga stendi. Vijana wa mtaani huja kuniuliza nilifanyaje, nami huwaeleza kwa kirefu, maana sioni sababu ya kuficha kitu kizuri. Hili ninaloandika hapa sijawahi kuwaeleza.

Tuliishi Granville, kitongoji cha Sydney, ghorofa ya pili, juu ya duka la viungo. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu katika nyumba ya kulelea wazee. Mke wangu alifunga maboksi ghalani. Shule aliiacha darasa la saba baba yake alipofariki, na si kwa kukosa akili. Mwaka wetu wa sita kule alijiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, Fairfield, akawa anapanda treni mara mbili kwa wiki akitoka kazini, na fulana ya kazi bado mwilini. Mwalimu wao akampa riwaya moja nene, akamwambia asiogope unene wake.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke wa nchi ya baridi kali. Mumewe anavuka mto ulioganda kwenda kutafuta kazi ng'ambo, harudi, na mwanamke anabaki na mama mkwe asiyempenda. Mke wangu aliisoma kwa kamusi na penseli. Kila Jumapili tukitoka kanisani, mimi nikipiga pasi sare za wiki nzima, yeye alikaa kitandani akanisimulia kwa Kiswahili sura aliyoimaliza. Alisimulia kama bibi yake alivyosimulia, kwa sauti ya kila mtu: mkwe akikoroma, mbwa akilia, mchungaji akikohoa. Halafu alifunga kitabu palepale patamu.

"Ikawaje?" ningeuliza.

"Bwana Diploma, subiri Jumapili."

Tangu tuoane, fomu zote za serikali nilizijaza mimi, barua zote nilizisoma mimi, hata kwa daktari nilimsemea mimi. Kwenye kile kitabu tu ndiko nilikomngoja yeye. Nilikuwa nimeona, na niliona vizuri, jinsi alivyonyoosha mgongo akisoma. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua kitabu kile ni nini kwake.

Siku moja tuliona tangazo stesheni: riwaya ile imefanywa sinema. Nikamwambia twende wiki hiyohiyo. Akakataa.

"Tumalize kwanza kitabu. Nataka niingie mle ndani nikiwa najua kila kitu, nisikuulize hata neno. Ahadi?"

"Ahadi."

Sasa nije kwenye barafu. Mwezi kama mmoja kabla ya hapo tuliwapeleka wazee wa pale kazini kwenye uwanja wa barafu, ambako watu huteleza kwa mchezo, maana mjukuu wa mmoja wao alikuwa na onyesho. Pembeni nikaona mwanaume ana mvi kichwa kizima, anateleza kinyumenyume, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Roho ikaniuma. Nikasema, mtu aliyepata diploma akiuza karanga atashindwa na maji yaliyoganda? Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye darasa la wanaoanza.

Nilishindwa. Viatu vile vina kisu chembamba chini, na kisu hakijui umesomea nini. Nilishika ukuta wa pembeni kama mtoto anayejifunza kusimama. Mwalimu wetu, binti ambaye ningeweza kumzaa, akaniondoa mkono ukutani.

"Kwanza tunajifunza kuanguka," akasema.

"Hilo nalijua tayari."

"Hapana. Wewe unaanguka kama mtu anayekataa kuanguka. Piga magoti, kaa, ndiyo uanguke."

Darasa likacheka. Tulikuwa watu wazima sita, nami nilikuwa mbaya kuliko wote, nyuma hata ya mama mmoja mstaafu aliyekuwa dereva wa basi, ambaye alinipita akinipigia honi kwa mdomo. Ningewezaje kuyasema haya nyumbani? Nilimwambia mke wangu kwamba Jumamosi nina mafunzo ya kazini. Alipoona alama ya bluu kwenye nyonga nikasema nimemnyanyua mzee mzito. Akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa, akanipa pole. Nikaipokea ile pole.

Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naweza kwenda mbele kwa mguu mmoja, na nilianza kuchora nane: unazunguka duara kwa mguu wa kulia, unarudi katikati, unazunguka la pili kwa kushoto. Kuna raha humo ambayo sikuwahi kuionja kabla wala baada. Watu wazima hatupewi nafasi nyingi za kufanya kitu kisicho na faida. Kama ningekuwa na mtu wa kumwambia, ningemwambia.

Kisha yule mama wa basi akatuambia kwamba katika sinema ile kuna kipande kirefu cha kuteleza mtoni, kimechezwa na mtu anayejua kweli, na darasa letu zima twende tukakione. Tukaenda baada ya mazoezi, mchana, jumba moja la sinema katikati ya jiji. Nilijiambia nitafumba macho sehemu nyingine zote. Sikufumba hata mara moja. Nilikaa mle nikala bisi na kuitazama hadithi ya mke wangu mwanzo hadi mwisho, wakati yeye alikuwa bado nusu ya kitabu.

Hapo ningeweza kuishia, nikae kimya kila Jumapili nikisema "ikawaje" kama zamani. Lakini mimi kitu nikikijua hakikai tumboni. Jumapili iliyofuata, alipofika mahali ambapo mwanamke anasikia panya jikoni, nikaweka pasi chini nikasema, "Mimi nakwambia, mle kwenye pipa la unga kuna barua. Mkwe ameificha."

Akafunua ukurasa aliokuwa bado hajautafsiri. Akasoma kwa kidole. Barua ilikuwemo.

"Wewe mwanaume! Umejuaje?"

"Tabia za watu nimezisomea."

Wiki iliyofuata nikabashiri kwamba mkwe ataugua na kuomba msamaha. Ikawa. Mke wangu akawasimulia wanawake wa kanisani, wakaanza kuniita nabii, nami nilitabasamu kama mtu anayeonewa kwa sifa. Nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na kitu kinapungua. Alikuwa haigizi tena sauti. Mchungaji hakukohoa. Jumapili moja hakufunga kitabu palipo patamu, alisoma tu mpaka sura ikaisha, kisha akaniuliza, "Na hapa mbele, itakuwaje?" kama anavyoniuliza kuhusu barua za serikali.

Nilisikia, na bado nikajibu.

"Mume atarudi," nikasema. "Atatokea ng'ambo wakati wa machweo, mbali, hata uso hauonekani. Lakini mke atamjua kwa namna anavyoteleza. Bega moja chini. Anateleza kwa bega moja chini."

Mvuke wa pasi ulikuwa unapanda.

"Anateleza?" akasema.

"Kwenye barafu. Mtoni."

"Humu hakuna mtu anayeteleza." Alirudisha kurasa nyuma, akazipeleka mbele, kidole kikishuka upesi kuliko nilivyowahi kukiona. "Mto wanavuka kwa miguu. Wanajifunga magunia viatuni wasianguke. Nimesoma kila neno. Hakuna anayeteleza."

Kumbe ule mtelezo ulikuwa wa watu wa sinema. Waliuongeza wao, upendeze.

Mke wangu hakupaza sauti. Alinitazama, kisha akatazama nyonga yangu, ile aliyoikanda.

"Umeiona sinema."

"Mke wangu, sikiliza..."

"Na mafunzo ya Jumamosi ni hayo. Wewe ndiye unayeteleza."

Nilimwambia yote. Nilimwambia nilivyoshika ukuta, binti alivyoniondoa mkono, yule mama na honi yake. Nilitegemea angalau acheke.

"Ungeniambia unaanguka, ningekucheka siku moja," akasema. "Ya pili ningekuja kukushikia koti. Mimi ndilo darasa lililokushinda kuingia?"

Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonibaki moyoni. "Nilidhani una akili kunizidi hata kwenye kitu usichokisoma. Wiki zote hizi nilijiambia, sasa mimi nasoma ili iweje?"

Kitabu alikimaliza peke yake, kwenye treni. Nilijua kimekwisha nilipokiona kimerudi juu ya kabati bila penseli ndani. Nilimwomba twende sinema, ahadi ni ahadi. Akasema, "Nenda wewe, njia unaijua." Haikupita muda sinema ikaondolewa. Barafuni niliendelea miezi miwili, kwa uwazi, nikimwalika kila Jumamosi. Alikuja mara moja. Nilichora nane yangu vizuri kuliko siku zote, na nilipoinua macho alikuwa anasoma tangazo la ukutani. Nikarudisha viatu, sikwenda tena.

Lakini shule hakuiacha. Hilo ni lake, siwezi kulijumlisha kwenye mafanikio yangu, ingawa nimeshajaribu mbele ya wageni.

Juzi nilirudi kutoka mjini alasiri, nikawakuta majirani barazani kwetu wanachambua mchele, wanawake wanne, na mke wangu anawasimulia. Nilisimama nyuma ya ukuta wa geti. Mbwa alilia. Mchungaji alikohoa, nao wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Walikuwa wamefika mto unapoanza kuyeyuka, mahali ambapo mimi sikufikishwa. Nikafungua geti, na sauti yake ikashuka.

"Shemeji, njoo ukae," jirani mmoja akaniita. "Mwenzio ana hadithi huyu! Tunataka kujua kama mume anarudi."

"Huyo?" mke wangu akasema, vidole bado mcheleni. "Huyo anaijua yote."

Walinigeukia wote. Ninachokijua mimi ni kile cha sinema, na sina hakika hata kama mume yule anarudi kitabuni. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema siijui, nipishwe kwenye mkeka nisikilize kama wengine.

"Naijua, ndiyo," nikasema, nikapita ndani.