Kumjua Karani kwa Ghibu

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, kwa kuwa kulikataa kungemlazimu asimame kidogo. Alikuwa dobi. Alifua nguo za watu majumbani kwao, akazipiga pasi kwake, akazirudisha kwa miguu, na katikati ya safari hizo akapata nafasi ya kugombana, kupatanisha na kununua chumvi. Chakula alikula wima. Mumewe wa zamani, alipoulizwa kwa nini waliachana, alisema hawakuachana hasa: kila alipotaka kumwambia, mwenzake alikuwa ameshatoka.

Mwaka huo alikuwa na jambo moja lililomnyima hata ule usingizi kidogo aliouzoea. Binti yake alichaguliwa kusomea umeme katika chuo cha ufundi, na chuo kilitaka barua ya ukaazi kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Ofisi ya mtaa iliyotoa barua hizo ilitaka hati ya nyumba, mkataba wa pango au ankara ya maji. Mtaa wao haukuwa na hati, mikataba ilikuwa ya mdomo, na maji yalikuja kwa ndoo. Kwa mujibu wa makaratasi, watu elfu sita hawakuwa wakiishi pale, na walikuwa hawaishi pale kwa miaka thelathini.

Alikwenda ofisini mara kumi na moja. Karani, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, hakuwahi kumfokea. Aliisoma karatasi, akaigeuza upande usioandikwa kitu, akausoma nao, kisha akavuta droo nusu na kuifunga.

"Mama, hii bado haijakamilika."

Wakati huohuo shirika moja lilileta mradi wa sanaa shirikishi, wenye jina refu kuliko ghala ulimofanyiwa. Aliyeuongoza alikuwa msichana mwenye daftari na subira, aliyejiita Mwezeshaji. Aliwaeleza kwamba wataigiza tatizo lao wenyewe. Mtazamaji yeyote akiona anayeonewa amekosea, atapaza sauti "Simama!", igizo litasimama, naye atashika nafasi ya huyo anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Nafasi ya mwonevu haishikwi na mtu.

"Kwa nini?" aliuliza Fundi Viatu, jirani wa Kiguu, ukuta kwa ukuta.

"Kwa sababu hapa tunafanya mazoezi ya kuwa sisi, mzee wangu."

"Hayo nimeyafanya miaka hamsini na nne, mwanangu. Mimi nilitaka kubadilisha."

Kiguu aliingia mle ghalani kupeleka mashati ya mtu tu. Akakuta wanatafuta wa kuigiza karani, na kila aliyejaribu alifoka na kupiga meza. Hakuweza kuvumilia.

"Jamani, mnamjua kweli huyo mtu? Hafoki! Angekuwa anafoka tungeshamzoea."

Akaketi. Akaigeuza karatasi, akausoma upande mtupu kwa makini, akavuta droo nusu. Ghala zima lilicheka, kisha likaacha kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa kumwona ameketi, na Mwezeshaji aliandika daftarini kwamba mshiriki ameanza kuwezeshwa.

Igizo lilionyeshwa Alhamisi alasiri. Karani mwenyewe alikaa safu ya mbele, maana mwaliko ulimwita "mdau" na hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo.

Fundi Viatu aliigiza mwombaji, akarudishwa kwa upole. "Simama!" Mama mmoja alishika nafasi yake, akalia, akapewa pole na kurudishwa. "Simama!" Kijana mmoja akatishia kwenda gazetini, akaelekezwa njia ya kufika gazetini. Watu walipiga vigelegele, lakini Kiguu, aliyekuwa kitini akimwigiza Karani, hakufurahi. Alimjua Karani kwa ghibu mno. Kila aliposhinda, binti yake aliyekaa safu ya tatu alizidi kukosa chuo, na yeye hakujua namna ya kushindwa bila kuigiza vibaya.

"Simama!" Safari hii alikuwa Karani. "Mimi siko hivyo hata kidogo. Nipisheni niwaonyeshe."

Akaelekea kwenye kiti. Mwezeshaji akamzuia.

"Samahani, kaka. Hicho hakishikwi. Unaweza kuwa mwombaji."

"Awe! Awe!" umati ukaitikia.

Akawa. Akasimama mbele ya meza, mikono ikikosa pa kukaa.

"Naomba barua ya ukaazi."

Kiguu akaigeuza karatasi. "Baba, hii bado haijakamilika."

"Lakini unanijua! Naishi hapa."

"Mimi nakujua, baba. Karatasi ndiyo haikujui. Njoo kesho."

"Kesho nini? Huruhusiwi kunirudisha!" Kazi ya miaka kumi na tisa ilimpanda kichwani. "Kanuni ya tisa! Asiye na hati anathibitishwa na majirani wawili. Unatakiwa unipe fomu ya njano!"

Hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia fomu ya njano, Kiguu akiwemo. Lakini alikuwa bado ameketi kitini, na jibu lilimtoka lenyewe.

"Hukuiomba, baba."

Karani akalitambua jibu hilo. Ndivyo hasa angejibu.

Mwezeshaji alitaka wakae duara watafakari walichojifunza. Kiguu alikuwa ameshamkamata Fundi Viatu na muuza mkaa, majirani zake wawili, mmoja kila mkono, wakikimbia kuelekea ofisini kuchukua fomu. Walikuta mlango umefungwa. Wakahema pale dakika nzima kabla ya muuza mkaa kukumbuka kwamba mwenye ufunguo wamemwacha ghalani.

Ijumaa asubuhi, ofisi ilipofunguliwa, foleni ilizunguka jengo. Kiguu alikuwa wa nne, lakini kila mtu alihitaji shahidi, na ni nani aliyezijua nyumba zote za mtaa kama aliyeshinda akizunguka? "Kiguu, njoo uniapie!" "Dada, nami!" Kila alipotoka foleni kuapa, alirudi nyuma hatua tano. Saa tano ikapita akiwa amewathibitisha watu tisa, na binti yake si mmoja wao.

"Mama!" binti alimshika kanga. "Ukitoka tena nakufunga kwenye nguzo."

Akamburuta hadi dirishani, Fundi Viatu na muuza mkaa wakifuata. Karani alipokea fomu ya njano, akaanza kuigeuza.

"Huko hakuna kitu," Kiguu alisema taratibu.

Karani akailaza mezani. Hakuigeuza. Akagonga muhuri.

Saa tano na nusu binti alikimbia na barua. Kiguu alizuiwa na foleni hadi saa nane, akiapa, na kila baada ya kiapo akichungulia barabara. Hatimaye binti alitokea, amelowa jasho.

"Wamekataa?"

"Wameniandikisha, mama. Niliingia zimebaki dakika sita."

"Sasa mbona uso huo?"

"Wanataka picha mbili za pasipoti. Jumatatu asubuhi."

"Jumatatu ipi?" Kiguu aliuliza, akiwa ameshavuka barabara kumtafuta mpiga picha.