Malaria Ambayo Haikuwa Malaria

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kuulizauliza. Mimi ni Nabintu, fundi wa kushona hapa Cimpunda, na wateja wangu wananijua: ukija kupimwa kiuno, utaondoka umenieleza mpaka jina la bibi yako na maana yake. Mume wangu Bahati, fundi mwashi, alikuwa akinitania, "Weye ulipashwa kuwa polisi." Nilikuwa nakula vizuri, nalala vizuri. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba ugonjwa haukuniletea barua ya kuniarifu. Siku chache kabla yake nilikuwa nimekaa zangu kwenye cherehani, tumbo la miezi tisa likigusa meza.

Neema alizaliwa salama pale maternité, wodi ya wazazi. Siku ya tano usingizi ukanikataa. Mtoto analala, mimi macho kodo. Siku ya saba nilifua nepi zilizokuwa safi, nikazianika, nikazianua mbichi nikazifua tena. Nilikuwa naongea haraka mpaka mate yananikauka. Kisha nikaanza kusikia wanawake wawili wakinisema nyuma ya ukuta: "Mutoto huyu haiko wake. Walimubadilisha kule maternité." Nikatoka kuwatafuta. Nyuma ya ukuta kuna mfereji wa maji machafu tu, hakuna mtu. Na bado niliwaamini, ndugu zangu, hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Nikakataa kumnyonyesha Neema. Maziwa yakajaa, matiti yakawa magumu kama mawe, yakawaka moto, homa ikapanda.

Mama mkwe wangu, Maman Julienne, alitoka kwake Kasha akanikuta navua kitenge mbele ya wageni. Hakupiga kelele. Alimwinua mtoto akamfunga mgongoni. "Huyu ninaenda naye," alisema, "mupaka mama yake apone." Nilimrukia, Bahati akanishika mikono. Leo naweza kusema alikuwa na haki. Siku ile nilimwita mwizi.

Bahati aliona aibu. Majirani walipouliza, alijibu, "Ni malaria. Imemupanda ku kichwa." Neno zuri hilo! Malaria kila mtu anaugua, haina haya. Akawaambia majirani malaria, akawaambia kaka zangu malaria, akamwambia mama yake malaria, na mwisho akawaambia hivyo hivyo pale dispensaire. Hawakunipima damu. Waliigusa homa yangu, wakamsikiliza mume wangu, wakanitundikia serumu, dripu yenye dawa ya kinini. Aliyewahi kupewa kinini anajua inavyopiga kengele masikioni. Sasa wale wanawake wawili wakawa wanasema ndani ya kengele. Serumu ikaisha, wakaanza nyingine. Neno la kudanganyia majirani ndilo nililotibiwa nalo.

Hali ikazidi. Kaka yangu mkubwa akanipeleka kwenye chumba cha maombi. Kule waliita mapepo. Nilifungishwa siku tatu bila chakula wala maji, midomo ikapasuka, mkojo ukawa wa rangi ya chai. Nikarudishwa dispensaire nimebebwa.

Safari hii alikuwepo muuguzi mwingine, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinitazama nikijibizana na ukuta, kisha akamgeukia Bahati. "Papa, uniambie kweli. Huyu mama iko na malaria, ao iko na kitu ingine?"

Bahati alilia. Sikuwahi kumwona akilia. "Anasikia watu wenye hawako," alisema.

"Aya. Sasa tunaweza kuanza."

Akatuandikia karatasi ya kwenda kwenye kituo cha magonjwa ya akili. Sindano za kule zilininyoosha, lakini siwafichi: ulimi ulikuwa mzito, taya likakaza, mate yakanichuruzika mpaka kwenye blauzi kama mtoto anayeota meno. Nikawaambia, wakaniongezea kidonge, taya likalegea. Maziwa yalikauka. Wiki zikapita. Sauti za wale wanawake zikapungua polepole kama redio inayoishiwa betri, na asubuhi moja sikuzisikia. Nilikaa kitandani nikisikiliza. Kuku tu, na mtu anafagia.

Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana. Nilimuuliza, "Docteur, niko na nini?"

"Inaitwa psychose. Inakamata wamama wamoja-wamoja kiisha kuzaa. Inatibika."

"Ni wazimu?"

"Watu wanaita vile. Weye ungependa tuite namna gani?"

Eh! Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Wote walikuwa wamenipa jina, hakuna aliyeniomba. Hapo ndipo niliposikia ile tabia yangu ya kuuliza ikirudi, na nikajua napona. Nikaanza kuwahoji wenzangu: nyumbani kwenu wanakuitaje? Mmoja aliitwa fou, kichaa kwa Kifaransa. Mmoja, askari wa zamani, aliitwa kwa Lingala moto ya liboma, yaani mtu mwenye kichaa. Mwingine aliambiwa ana trauma, na akafurahi, maana trauma ilikuja na vita na watu wanaihurumia. Mama mmoja mzee wa Kabare aliniambia kwamba zamani wazimu walikuwa wafu wa ukoo, na mtu aliyeshikwa nao hakutukanwa, alipikiwa pombe ya ndizi na wazee wakakaa naye kuuliza wafu wanataka nini. Sikujua. Hebu fikiria, nimelitumia neno hilo miaka yote kutukania watu barabarani! Na sasa wasichana wakivaa gauni nililowashonea wanapiga yowe, "Maman, robe hii ni ya wazimu!" na wanamaanisha wanalipenda.

Nilirudi nyumbani na vidonge vyangu. Neema hakurudi. Nilikwenda Kasha Jumapili kwa Jumapili, mtoto ananitazama kama mteja aliyekosea duka. Maman Julienne ananipa chai na kuniambia, "Bado." Bahati alipomwomba, alimjibu, "Malaria gani inamaliza miezi ine? Munanidanganya."

Nikamwambia Bahati nitasema kweli. Akashika kichwa. "Ukimwambia mama kama ilikuwa ya kichwa, mutoto hautamupata tena. Hata mahakamani atakwenda." Nami niliogopa hilo hilo. Nilimpoteza mwanangu mara moja kwa ugonjwa. Kumpoteza mara ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe, ningejisameheje?

Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Niliweka mezani carnet ya kituo, daftari langu la matibabu, na vidonge. "Maman, haikuwa malaria. Nilikuwa wazimu. Nilisikia watu wanasema Neema haiko wangu. Ndiyo maana sikumunyonyesha."

Aliacha kuchambua. Majani yalibaki mkononi.

"Sasa kwa nini hamukusema?"

"Tuliona haya. Na tulijua utaogopa."

"Nilikuwa naogopa tayari," alisema. "Ila sikujua niogope nini."

Kisha akaniuliza kama vile mimi ninavyouliza wateja. Inaanza namna gani? Kwa usingizi, nikamwambia, usingizi unakwisha kwanza. Halafu? Halafu naongea haraka. Kidonge unameza saa ngapi? Nikikuona unaongea haraka, nikuambie, hautakasirika? Nikasema sitakasirika. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na Neema, akaniwekea mapajani. Mtoto akalia, akanisukuma kifua. Nilinyoosha mikono nimrudishe. Maman Julienne hakumpokea. Neema alilia mpaka akachoka, akalala kwenye mkono wangu, na jioni nikarudi naye nyumbani.

Ninyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu kwenu anayeugua hivi, mwiteni mtakavyo mkiwa kwenu, lakini kwa muuguzi semeni mlichokiona kwa macho. Msimsaidie kukisia. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mzee wa miwani, na Bahati kwa yale machozi.

Maman Julienne ananipigia simu kila asubuhi kuuliza kama nimelala. Juzi nilimjibu, "Hapana, Maman, sikulala." Hakuuliza mengine. "Niko nakuja," alisema, na kabla ya saa sita alikuwa mlangoni, ameleta nguo za kukaa wiki nzima.