Harufu ya Oili Njia ya Mahenge

Mimi ni fundi magari hapa Ifakara, na gari langu ndilo bovu kuliko yote yanayoingia gerejini. Nikiulizwa najitetea kwamba mganga hajigangi. Mke wangu Levina hujibu kwamba mganga huyu hata kujipima hajipimi.

Mwaka huu binti yetu Oliva alikuwa anaingia utawani. Nyumba ya masista iko juu milimani, upande wa Mahenge, na hupokea wasichana wapya siku moja tu kwa mwaka. Baba ndiye anayebisha hodi langoni, sista mkubwa anauliza, "Mmetuletea nani?" na baba anajibu. Mzazi asipofika, msichana anarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Mimi sikutaka aende. Mbele ya paroko nilisema ndiyo, hata soda ya pongezi nikanywa, lakini moyoni nilikuwa namwomba Mungu atafute mtoto wa mtu mwingine.

Siku ikafika, tukatoka asubuhi. Oliva alikaa mbele na mimi, Levina nyuma na kikapu cha kuku wa zawadi. Hatujafika Kivukoni, harufu ya kuungua ikajaa ndani.

"Baba Oliva, kuna kitu kinaungua," akasema Levina.

"Nyasi hizo."

Jamani, msinicheke bado. Bondeni kwetu, wakati wa mavuno, gari lisilonuka ni lile lililolala. Tunapita katikati ya majaruba kufuata magunia, nyasi za mpunga zinajisokota kwenye ekzosi, zikipata moto zinafuka. Mteja akiniletea gari linalonuka mwezi wa sita, nazichomoa nyasi na kumwambia nenda zako. Sijawahi kukosea, maana sijawahi kungoja kuambiwa nimekosea.

Nikasimama kabla ya daraja, nikajilaza chini ya gari na shati langu la kanisani, nikatoka na nyasi za kumshibisha mbuzi. Niliwaonyesha kwa majivuno kama mvuvi aliyepata kambale. Tukavuka mto. Punde harufu ikarudi, tena kali zaidi.

Hapo nikawasingizia kuku. Nilisema manyoya yao yanaungua. Levina akainua kikapu, akanitazama, na kuku nao wakanitazama. Nikasema basi ni watu wanaochoma mashamba.

"Na huo moto unatufuata tangu Ifakara?" akauliza.

Oliva yeye macho yalikuwa kwenye boneti muda wote. Huyu mtoto amekulia gerejini, alijua majina ya spana kabla ya kujua Baba Yetu. Tulipoanza kupanda mlima, moshi mwembamba ukachungulia pembeni mwa boneti. Nikaegesha. Nikavaa uso wa msiba, lakini ndani nilikuwa nimefurahi kupita kiasi.

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Safari imeishia hapa. Turudi polepole."

"Baba, fungua boneti."

Nikafungua. Oliva akachukua kitambaa, akaifuta injini vizuri, akaniambia niwashe, kisha akainama kutazama unyevu utaanzia wapi. Haikuchukua muda. Oili ilianza kutokeza ukingoni mwa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikateremka taratibu mpaka kwenye ekzosi ya moto na kufuka.

"Gasketi," akasema, akinionyesha ule ukanda unaoziba kati ya kifuniko na injini. "Ni ile kuukuu uliyoirudishia kwa gundi ya silikoni."

"Nyingine hatuna."

"Ipo chini ya kiti chako. Mpya, haijafunguliwa hata karatasi."

Levina akaingiza mkono chini ya kiti, akaitoa, akaniwekea mkononi. Pua yangu hii inatambua oili inayoungua hata ukiniamsha usingizini. Ilikuwa imeshaniambia tangu mjini, nami nikaiziba mdomo.

"Baba," Oliva akasema, "kama hutaki niende, sema. Gari usilisingizie."

Nikatazama bonde lote kule chini. "Sitaki uende," nikasema.

"Najua. Lakini nataka unipeleke wewe."

Tukangoja injini ipoe. Mimi nilifungua bolti, yeye akakwangua silikoni yote mpaka chuma kikawa safi, akaipanga gasketi mpya kwa ncha za vidole. Kukaza nikamwachia. Alikaza kidogo kidogo, akianzia katikati na kwenda upande huu na upande ule, bila kutumia nguvu nyingi, jinsi nilivyomfundisha akiwa bado anasimama juu ya ndoo ili aione injini. Tukaifuta ekzosi. Masalia ya oili yalifuka kidogo njiani, kisha harufu ikaisha kabisa. Sikuwa na kisingizio kingine, na mlima nao ulikwisha.

Tulifika wa mwisho, mikono imetapakaa weusi, yangu na yake. Nikabisha hodi. Lango likafunguliwa, na sista mkubwa, mama mzee mwenye macho makali, akatutazama kuanzia viatuni.

"Mmetuletea nani?"

Jibu nilikuwa nimelikariri wiki nzima: tumewaletea Oliva, binti yetu, kwa hiari na furaha. Mdomo ukafunguka, ukatoa lake.

"Fundi wangu," nikasema.

Masista wakacheka. Oliva hakucheka. Alinishika mkono kwa nguvu, akauachia, akaingia.